Je, lazima stirio ya zamani iwe ya kampuni moja?

SWALI: Nimerithi risiva ya Pioneer SX-780. Sasa natafuta spika na mashine ya santuri. Je, vyote viwe vya Pioneer na vya miaka hiyohiyo?

JIBU: Hapana. Hata miaka ya 1970 wapenzi wa muziki walichanganya: risiva ya Kijapani, spika za Acoustic Research kutoka Marekani, mashine ya Thorens, kampuni iliyoanzia Uswisi. Kinachopaswa kuoana ni umeme, si jina.

Anza na spika, maana hapo ndipo vifaa huungua. Risiva yako hutoa wati 45 kila upande kwenye spika za omu 8. Kabla hujalipa, geuza spika usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa ni omu 8, nunua bila wasiwasi. Spika ya AR-3a ya Acoustic Research naipenda sana, lakini ni ya omu 4 na inataka nguvu nyingi. Ukipandisha sauti, risiva hiyo italemewa. Tena usiwashe jozi mbili za omu 4, kwenye matundu ya A na B, kwa pamoja: zikiungwa sambamba hubaki omu 2, na transista zinaweza kuungua.

Kwenye mashine ya santuri angalia katriji, yaani kile kichwa kinachoshika sindano. Tundu la PHONO la risiva linataka ile ya sumaku inayotembea, ya milivolti 3 hadi 5 hivi. Katriji ya Denon DL-103 hutoa 0.3 tu; bila kikuzaji chake, muziki utausikia kwa mbali.

Seti ya jina moja hupendeza kabatini, basi. Pesa ya kwanza ningenunulia sindano mpya.