MLINZI WA MWILI: Namna Wachina wa zamani walivyoeleza ugonjwa

Mtoto akipata homa, ulizo la kwanza nyumbani ni hili: «Ugonjwa umetoka wapi?» Mmoja anasema: «Ni baridi ya usiku.» Mwingine anasema: «Ni upepo.» Mwingine tena anamtazama mama ya mtoto na kusema: «Ni makosa yako.»

Ulizo hilo si la kwetu peke yetu. Wachina wa zamani waliliuliza vilevile, wakalifikiri sana. Mambo mengine waliyaona vizuri, mengine walikosea. Tujifunze kwa yote mawili.

1. Mlinzi anayekaa mlangoni

Yapata miaka 2000 iliyopita, wanganga wa China walikusanya mafundisho yao katika kitabu kinachoitwa Huangdi Neijing. Walisema: ndani ya kila mtu kuna nguvu ya uzima, jina lake chi. Sehemu moja ya nguvu hiyo ni mlinzi wa mwili.

Mlinzi huyu anapata nguvu yake katika chakula na kinywaji. Mchana anatembea chini ya ngozi. Anapasha mwili moto, anafungua na kufunga matundu madogo ya jasho, kama vile mtu anavyofungua na kufunga mlango. Usiku anaingia ndani. Ndiyo sababu walimwonya mtu anayelala, na mtu mwenye jasho jingi, asikae penye upepo. Walifikiri mlango uko wazi na mlinzi yuko mbali.

Basi, kwao ugonjwa ulikuwa vita. Mlinzi akiwa na nguvu, adui anarudi. Mlinzi akiwa dhaifu, adui anaingia. Kwa njia hiyo walieleza jambo ambalo wewe pia umeliona: watoto wawili wanalala nyumba moja, mmoja anagonjwa, mwingine hapana.

2. Adui ni nani?

Katika mwaka 1174 munganga mmoja, jina lake Chen Yan, aligawanya sababu za magonjwa kwa mafungu matatu:

— Sababu za inje: upepo, baridi, joto la jua, unyevu, ukavu na moto.
— Sababu za ndani: furaha kupita kiasi, hasira, wasiwasi, mawazo mengi, huzuni, woga na mshtuko. Walisema hasira inaumiza ini, huzuni inaumiza mapafu.
— Sababu zingine: kula vibaya, kazi ya kupita nguvu, vidonda, kuumwa na nyama.

Lakini magonjwa ya kuambukiza yaliwashinda kwa mafundisho hayo. Katika mwaka 1641 ugonjwa mkali uliua watu wengi katika majimbo ya China. Munganga Wu Youxing aliwatunza wagonjwa, akaona ya kwamba baridi na upepo havitoshi kueleza kifo cha namna hii. Katika mwaka 1642 aliandika kwamba kuna kitu kibaya kingine kinachoingia kwa pua na kwa kinywa, na kila ugonjwa una chake. Hakuwa na chombo cha kuona vidudu, lakini alikaribia kweli.

3. Kazi nzuri, maelezo mabaya

Tangu miaka ya 1500 Wachina walijua kukinga watoto na ndui. Walichukua maganda makavu ya vidonda vya mgonjwa, wakayasaga, wakapuliza unga wake ndani ya pua ya mtoto mzima. Mtoto aligonjwa kidogo, kisha ndui haikumpata tena. Wengine walikufa kwa njia hiyo, lakini wachache kupita wale waliokufa kwa ndui yenyewe.

Na walieleza namna gani? Walisema kila mtoto anazaliwa na sumu aliyoipata katika tumbo la mama, na ule unga unaivuta inje. Mama, unaona? Kazi yao ilisaidia, lakini lawama iliwaangukia wazazi bure! Ndui haikutoka tumboni. Ilitoka kwa kidudu kinachopita toka mtu hata mtu. Leo ndui imekwisha duniani. Ilitangazwa hivyo katika mwaka 1980. Haikumalizwa kwa lawama. Ilimalizwa kwa chanjo.

4. Leo tunajua nini?

Mlinzi yupo kweli. Katika damu yako kuna chembe nyeupe, nazo ni kama askari. Zinapigana na vidudu, na zingine zinakumbuka sura ya adui. Chanjo inawaonyesha askari hao adui aliye dhaifu au aliyekufa, au kipande chake tu, ili wamtambue siku atakapokuja na nguvu.

Upepo hauzai surua. Baridi peke yake haileti malaria; mbu ndiye anayeileta. Hasira ya mama haiwezi kumpa mtoto kifaduro. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie: «Tungoje kwanza, ni upepo tu, utapita.» Wakati mnapongoja, adui anafanya kazi.

5. Umpe mlinzi nguvu

— Umpe mtoto maziwa ya kwanza, yale ya manjano. Usiyamwage, yana kinga ndani yake. Umnyonyeshe kwa maziwa yako tu mpaka miezi 6.
— Baadaye uongeze uji, maharagi, sombe, mayai, samaki na matunda. Hapo Wachina walisema kweli: mlinzi anatoka katika chakula.
— Umlete kwa chanjo: anapozaliwa, juma la 6, la 10 na la 14, tena mwezi wa 9 kwa surua. Usipoteze karatasi yake.
— Alale ndani ya chandarua kila usiku. Nawa mikono kwa sabuni.
— Umfunike mtoto mchanga vizuri, kwa maana anapoteza joto upesi.

Mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea sana, au akipumua mbio na mbavu zikiingia ndani, usitafute kwanza nani mwenye kosa. Umbebe, uje siku ileile, hata usiku.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Wachina walisema mlinzi wa mwili anapata nguvu wapi?
2. Wu Youxing aliona nini ambacho wengine hawakuona?
3. Jirani akisema ugonjwa wa mtoto ni makosa ya mama yake, utamjibu nini?
4. Mtoto wako amebakiza chanjo gani? Tazama karatasi yake sasa.