Karo Nimelipa, Kilichobaki ni cha Mwalimu?

Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi, CBC, waliingia gredi ya kumi. Katika stendi ya Kitale na ile ya Bungoma wazazi walibeba masanduku ya bati, magodoro na maswali. Tumempelekea machache mwalimu aliyefundisha pande zote mbili za mto Nzoia. Ameomba jina lake lisiandikwe, ili aseme bila kumumunya maneno.

Nimelipa karo, nimenunua sare na madaftari. Bado shule inaniita mikutanoni. Kwani mwalimu analipwa afanye nini? (Baba, Kimilili)

Analipwa afundishe, na ukiona hafundishi una haki ya kulalamika. Lakini mwenye mtoto ni wewe. Wazazi wengi wanaijua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kwa upande wa chifu tu: usipompeleka mtoto shuleni, unaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kushiriki katika kujenga tabia ya mwanao, inakuhesabu kuwa mwanachama wa chama cha wazazi, na inatenga nafasi kwenye bodi ya shule kwa wawakilishi waliochaguliwa na wazazi. Ukibaki nyumbani, watachaguliwa wale wanaovizia zabuni ya maharagwe.

Na ukija, usiniulize tu mtoto amekuwa nambari ngapi. Niulize kama anasoma bila kukwama, anakaa na nani wakati wa mapumziko, na ni somo gani linalomfanya aangalie dirishani. Mwalimu akiulizwa hivyo, kesho yake atamtazama mtoto huyo kwa jicho lingine.

Mimi ni mkulima wa mahindi huku Cherangany. Nimemwambia kijana wangu asome ili asije akateseka na jembe kama mimi. Nimekosea? (Mzazi, Trans Nzoia)

Hujakosea kumtakia maisha mepesi. Ulipokosea ni kumfundisha aionee haya kazi iliyomlisha. Wala usijilaumu peke yako, kwa sababu sisi walimu tunakusaidia kukosea: mwanafunzi akichelewa, adhabu yake ni kwenda kulima. Mtoto anakua akijua kwamba jembe ni jela, halafu tunashangaa anapomaliza shule na kuikimbia Cherangany akapange foleni ya vibarua Nairobi.

Hebu yatazame mahindi yako mwenyewe. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa H611, mbegu chotara iliyopatikana kwa kuzalisha mahindi ya Kitale na aina iliyotoka nyanda za juu za Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ikaisambaza kwa wakulima, na mbegu chotara zilizofuata zikaifanya Trans Nzoia ijulikane kuwa ghala la nchi. Waliofanya kazi ile walikuwa watu wa vitabu, na hawakulikimbia shamba. Waliliingia na daftari, wakapima, wakalinganisha, wakangoja msimu mwingine, wakapima tena. Ukiniuliza masomo ni nini, nitakuonyesha hilo kabla sijakuonyesha cheti chochote.

Basi msimu ujao mpe kijana kipande kidogo cha shamba. Agawe mistari, huku atie samadi, huku mbolea ya dukani. Aandike kila shilingi iliyotumika, na wakati wa kuvuna apime kila upande kivyake. Atakuwa amefanya hesabu, sayansi na biashara bila kuondoka nyumbani. Ila usimtoe darasani Oktoba na Novemba akuvunie, maana hapo unamtumia kama kibarua asiyelipwa, na muhula wa tatu ndio wa mitihani.

Wenzako wa Webuye wana somo lao la uchungu zaidi. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipoanza kazi miaka ya 1970, ilikuwa rahisi kumwambia mtoto asome apate kazi hapo. Mwaka 2009 kikafungwa, na wenye vyeti na wasio navyo wakatoka kwa lango moja. Tangu siku hizo, nikiulizwa shule ni ya nini, husema ni ya kumwezesha mtu kuanza upya kiwanda kikifungwa. Ukimsomesha mtoto kwa ajili ya ajira moja tu, umemwekea mayai yote kikapu kimoja, tena kikapu cha mtu mwingine.

Mtoto wa gredi ya nne analeta kazi za nyumbani ambazo siziwezi. Mimi niliachia darasa la sita. Kila wiki ni saiba, kila wiki ni kuchapisha picha. (Mama, Matisi, Kitale)

Mama, kazi ni ya mtoto. Nimepokea vikapu na vinyago vilivyotengenezwa na wajomba na mafundi wa mtaani, nami nikalazimika kuwapa wajomba alama. Mtaala unataka mtoto atumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake: udongo, maganda ya mahindi, vifuniko vya chupa. Mwalimu akikazania picha za rangi kutoka saiba, mwendee umwambie wazi kwamba huna hela hiyo. Wengi tunaagiza tu bila kufikiri.

Darasa lako la sita linatosha kwa jambo kubwa zaidi. Tafiti za Uwezo, zilizoanza Kenya mwaka 2009, zilienda nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu hivi tu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wale walikuwa wameandikishwa, wana sare na wanaenda shule kila siku. Kwa hiyo jioni, ukisonga ugali, mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Kisha akusimulie alichosoma, kwa Kiswahili, kwa Lubukusu, kwa Kisabaot, kwa lugha yoyote mnayocheka nayo. Akishindwa kusimulia, hakuelewa, na hilo utalijua hata kama hujui kusoma neno moja.

Akienda dukani, akuhesabie chenji kabla hujaishika.

Kijana wangu wa gredi ya nane ataingia jandoni Agosti. Walimu wanasema wavulana hurudi na kiburi. Nifanyeje? (Baba, Sirisia)

Tohara ya Wabukusu huja kila mwaka wa shufwa, na 2026 ni mwaka wake. Hiyo nayo ni shule, tena imezitangulia shule za Kibabii na Kamusinga kwa vizazi vingi. Walimu wanaoibeza hukosea. Lakini wazazi nao, wengi wamebakiza karamu na kuacha mafunzo. Ng'ombe anachinjwa, busaa inanywewa, muziki unakodishwa, halafu muhula wa tatu unafunguliwa na karo haipo. Weka karo kando kwanza, kisha upange sherehe kwa kinachobaki.

Kuhusu kiburi, mvulana ameambiwa kwamba sasa ni mwanamume, na hakuna aliyemweleza mwanamume hufanya nini anapokuta mwalimu wake ni mwanamke. Mwombe mzee atakayempa mawaidha alitaje hilo kwa kinywa chake, kwa sababu mimi nikilisema darasani halina uzito uleule. Siku ya kufungua shule mpeleke wewe mwenyewe, umsalimie huyo mwalimu kwa heshima mbele ya mwanao. Kengele za jando, chinyimba, nazo zianze kulia shule zikishafungwa. Na binti zako wasikose masomo kwa sababu ya kuchota maji na kupikia wageni.

Wangu amepangiwa shule ya kutwa hapa jirani. Mtoto wa jirani ameenda bweni lenye jina. Niuze ng'ombe nimhamishe? (Mama, Chwele)

Usiuze bado. Kwenye shule ya kutwa serikali imepanga kutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ingawa fedha hizo huchelewa na shule huteseka. Bweni la kitaifa limekuwa likiwatoza wazazi hadi shilingi 53,554 juu ya hizo. Uliza kwanza kama shule uliyopewa ina njia anayoitaka mwanao kati ya zile tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uliza kama ina walimu wa masomo hayo. Ikiwa hakuna, hapo ng'ombe ana sababu ya kuuzwa. Jina la shule pekee si sababu.

Siku hizi mwalimu hachapi, ndiyo maana watoto wameharibika. (Mzee, Kiminini)

Viboko vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na sheria ya 2013 ikatia muhuri. Mzee, tulichapwa sana wakati wetu, na wezi wa mali ya umma wa leo ni watu wa rika letu.

Binti yangu wa kidato cha tatu amejifungua. Baba yake anasema hatatoa hela tena. (Mama, Webuye)

Mwambie baba yake kwamba mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unaitaka shule impokee mzazi kijana anayerudi, na kwamba mkuu wa shule hana ruhusa ya kumfukuza kwa sababu ya mimba. Mkikataliwa, nendeni kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mtoto mchanga atalelewa na wewe au shangazi wakati wa masomo. Si rahisi, lakini familia nyingi zimefanya.

Kuna jambo jingine linalotaka haraka. Darasa la binti yako ni la mwisho katika mfumo wa 8-4-4, na KCSE yao, mwaka 2027, ndiyo inayotarajiwa kuufunga. Wanafunzi wanaomfuata wako gredi ya kumi, kwenye mtaala mwingine. Zamani tungemwambia apumzike, arudi na wadogo zake mwaka ujao. Safari hii nyuma yake hakuna kidato cha tatu. Mrudishe muhula huu.