Somo la Biashara: Namna ya kupanga bei ya Land Rover ya zamani, Mbulu na Hanang

Mnunuzi wa vyuma chakavu siku hizi hangoji mjini. Anafika Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu, anaingia mpaka uani, na akikuta Land Rover imelala chini ya mti, anatoa bei kwa kukadiria kilo. Bodi ya aluminiamu inakwenda kuyeyushwa kwa ajili ya masufuria, na chasisi inakwenda kwenye viwanda vya nondo. Mwenye gari hufurahi kwamba uwanja umesafishwa na fedha zimepatikana. Somo letu la wiki hii ni kwamba mara nyingi fedha hizo ni sehemu ndogo tu ya bei aliyostahili kupata.

Ndugu msomaji, waliosoma uhasibu wanafahamu neno uchakavu. Kila mwaka gari linapunguziwa thamani vitabuni, mpaka linabaki sifuri. Kwa gari la kubeba mzigo hesabu hiyo ni sahihi. Lakini bidhaa ambayo haitengenezwi tena ina kanuni nyingine: mafungu yake sokoni hayaongezeki, na kila moja linaloyeyushwa linayafanya yaliyobaki kuwa adimu zaidi. Wakipatikana wanunuzi, bei hupanda. Wanunuzi hao ni wakusanyaji wa magari ya zamani, walioko Arusha, Nairobi, Ulaya na Marekani. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifanya tamasha la Land Rover, na magari hayo yalijitokeza kwa mamia barabarani.

Kwa nini tunazitaja Mbulu na Hanang? Kwa miaka mingi barabara za nyanda hizi, hasa wakati wa masika, hazikupitika kwa gari dogo. Misheni, hospitali, idara za serikali na wakulima wa ngano walihitaji gari la kuvuta magurudumu yote manne. Baada ya biashara kulegezwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, na Land Rover nyingi zikaegeshwa. Hali ya hewa nayo ni rafiki. Bodi ya Land Rover haishiki kutu ya chuma, lakini chasisi yake hushika, na chasisi ya nyanda za juu kwa kawaida hudumu kuliko ile iliyokaa kwenye chumvi ya pwani.

KWANZA, FAHAMU UNACHOUZA

Land Rover ilitolewa rasmi mwaka 1948. Series I ilitengenezwa mpaka 1958, Series II ikafuata, na Series IIA ikaanza 1961. Series III ilianza 1971 na kukoma 1985. Namba 88 na 109 ni inchi za urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa macho, angalia taa kubwa. Zikiwa karibu karibu, katikati kwenye shoo, gari ni la Series I, II au IIA za mwanzo. Zikiwa pembeni juu ya madigadi, ni IIA za mwisho au Series III. Series III ina shoo ya plastiki, na saa zake ziko mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi.

Wenye Toyota Land Cruiser nao wasikilize. FJ40 fupi na pikapu ya FJ45 zilitengenezwa kuanzia miaka ya 1960 mpaka 1984, zilipopisha toleo la 70. FJ40 inatafutwa sana Marekani.

PILI, KARATASI NI NUSU YA BEI

Mkusanyaji ananunua historia ya gari, na historia bila ushahidi ni maneno tu. Tafuta kadi ya gari na uilinganishe na namba ya chasisi. Kwenye Land Rover za Series namba hiyo kwa kawaida imepigwa mbele upande wa kulia, pale chasisi inaposhika springi. Safisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Usiisage kwa mashine, kwa sababu namba iliyochezewa inakupeleka polisi. Kama gari lilinunuliwa kwenye mnada wa shirika la umma, risiti ya mnada itunzwe pamoja na kadi.

Magari mengi ya umri huu yameandikwa kwa jina la baba au babu aliyekwisha fariki. Hapo hakuna mtoto mwenye haki ya kuuza peke yake. Ukoo ukae, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, ndipo umiliki uhamishwe TRA. Kuuza kabla ya hapo ni kuuza ugomvi.

TATU, USITENGENEZE KABLA HUJAPIGA HESABU

Wengi hudhani injini mpya na rangi mpya vinapandisha bei. Kwa mkusanyaji ni kinyume. Kanuni za forodha za Umoja wa Ulaya zinaliachia ushuru gari la kihistoria likiwa na miaka 30 au zaidi, aina yake haitengenezwi tena, na chasisi, usukani, breki na injini havikubadilishwa kwa kiasi kikubwa. Marekani huliondolea gari lenye miaka 25 masharti yake ya usalama wa magari mapya. Kwa hiyo injini ya asili, hata kama imekufa, isiuzwe kwa kilo. Iende pamoja na gari.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mnunuzi wa chuma anatoa sh. 1,500,000. Mkusanyaji anatoa sh. 5,000,000 gari likiwa hivyo lilivyo, au sh. 10,000,000 likitembea. Fundi anataka sh. 6,000,000. Ukitengeneza unabakiwa na sh. 4,000,000, baada ya kusubiri miezi kadhaa. Ukiuza lilivyo unapata sh. 5,000,000 leo. Ukimpa mtu wa chuma umepoteza sh. 3,500,000. Matengenezo yanalipa pale tu ambapo ongezeko la bei linazidi gharama pamoja na muda wako.

NNE, USIMTEGEMEE MNUNUZI MMOJA

Dalali aliyefunga safari hadi Katesh anajua bei ya Arusha. Wewe huijui, na faida yake inatokana na pengo hilo. Piga picha za gari pande zote nne, injini, chasisi kwa chini, na kibao cha namba. Zitume kwa wanunuzi watatu au zaidi kabla ya kutaja bei. Mkikubaliana, andikeni mkataba mbele ya mashahidi, fedha zipite benki, na kadi itoke mkononi mwako baada ya malipo kukamilika. Gari likienda nje ya nchi, usajili wake ufutwe TRA, vinginevyo jina lako litabaki kwenye gari usiloliona.

Si kila gari lililo uani ni mali. Chasisi iliyokatika, gari lisilo na kadi wala namba, na bodi iliyokwisha chinjwa kwa spea, hayo bei yake inakaribia ile ya chuma, na ni halali kuyauza hivyo. Cha muhimu ni mwenye gari aamue hivyo baada ya kukagua na kupiga hesabu, kabla mizani haijashushwa uani.