Dawa Ilegezayo Misuli, na Jinsi Pumzi Irudishwavyo

Nilipokuja shuleni kuwatembelea, mwanafunzi mmoja alinishika mkono akauliza: "Mzee, nasikia ninyi watu wa nusukaputi humwondolea mgonjwa pumzi kwa makusudi. Je, ni kweli?" Nikamjibu kwamba ni kweli. Mara kengele ikalia, akakimbilia darasani, nami nikarudi nyumbani Buyenzi na deni. Leo nalilipa.

Mimi ni fundi wa nusukaputi hapa Bujumbura. Mtu anapopasuliwa tumbo, hata akiwa amelala fofofo, misuli yake yaweza kukaza kama ngozi ya ngoma, daktari asipate nafasi ya kutia mkono. Basi humpa sindano ya dawa ya kulegeza misuli. Lakini dawa hiyo haichagui. Hulegeza tumbo, mikono, koo, na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu ambao kwa huo twavuta pumzi. Kwa hiyo humtia mrija kooni, na tangu hapo pumzi yake yatoka katika mashine, au katika mfuko wa hewa ninaoubana kwa mkono wangu.

Asili yake ni sumu ya mishale ya Wahindi wa Amerika ya Kusini, iitwayo kurare. Msiifananishe na sumu ya mishale ya Wakamba, kwa maana ile husimamisha moyo. Kurare huuacha moyo ukipiga, huzuia pumzi tu. Mnamo 1814, Mwingereza Charles Waterton alishuhudia punda akidungwa sumu hiyo huko London. Punda alianguka kama mfu. Wakamtoboa koo na kumpulizia hewa kwa mivukuto, kama ile ya wahunzi wetu, kwa muda wa saa kadhaa. Punda akainuka, akaishi hata 1839! Kazi yangu yote imo katika kisa hicho: usiache kuvukuta mpaka sumu imeisha. Tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal, Harold Griffith na Enid Johnson waliitumia kwa mgonjwa wa upasuaji.

Sasa sikilizeni inavyofanya kazi. Mshipa wa fahamu haugusi msuli. Humtuma tarishi, jina lake asetilikolini, naye huketi katika kiti chake juu ya msuli, na msuli hujikunja. Mara mfagizi huja kumwondoa, ili kiti kiwe wazi kwa tarishi mwingine. Dawa yetu huja ikakalia kiti, ikanyamaza. Tarishi anafika, hana pa kukaa.

Na dawa ya kuirudisha pumzi je? Hiyo, ndugu zangu, imetoka Afrika. Huko Calabar, Nigeria, mtu aliyeshtakiwa uchawi alilishwa mbegu fulani kama maharagwe: akitapika hana hatia, akifa ndiye mchawi. Wataalamu walitoa ndani yake dawa ya fizostigmini, na mwaka 1900 Jakob Pal wa Vienna akaona kwamba yawafanya wanyama waliolegezwa na kurare wapumue tena. Kwa mfano wake ikatengenezwa neostigmini, ambayo twaitumia mpaka leo. Yenyewe haiigusi dawa ya kulegeza. Humzuia yule mfagizi tu, matarishi wakaongezeka, wakagombea viti. Kwa kuwa hupunguza mapigo ya moyo, twaitia pamoja na atropini.

Hapa ndipo nilipokosea, nami sioni haya kusema. Usiku mmoja, zamani kidogo, katika hospitali ambayo sitaitaja, nililaza kijana mmoja kwa vekuroniamu. Upasuaji ukaisha upesi kuliko nilivyodhani. Nikampa neostigmini mara moja, wakati viti karibu vyote vilikuwa bado vimekaliwa. Matarishi hata wakiwa wengi, wataketi wapi? Akaanza kuvuta pumzi kidogo, nikafurahi, nikatoa mrija. Sikukumbuka kwamba msuli wa pumzi hupata nguvu mapema, na misuli ya koo huchelewa. Baada ya dakika chache kifua kikawa kinazama huku tumbo likiinuka, na vidole vikitapatapa kama dagaa walioopolewa ziwani. Nikamwinua kidevu, nikashika mfuko wa hewa, nikavukuta karibu nusu saa mpaka aliponibana mkono kwa nguvu.

Kesho yake aliniambia: "Kaka, nilikusikia ukiniita. Nilitaka kuitika, mwili ukakataa." Dawa hii hulegeza mwili, haileti usingizi wala haiondoi maumivu. Mwaka 1947 daktari mmoja wa Marekani, Scott Smith, alikubali kulegezwa kabisa akiwa macho, na baadaye akaeleza yote yaliyotendeka. Kwa hiyo dawa ya usingizi hutangulia, na huondoka ya mwisho.

Siku hizi natumia kichombo kidogo cha umeme. Twabandika vibandiko viwili kwenye kifundo cha mkono, nacho huupiga mshipa mara 4 katika sekunde 2, nami natazama kidole gumba. Kisipocheza hata mara moja, neostigmini haina kazi: ngoja. Kikicheza mara zote 4, waweza kuitoa. Lakini jicho hudanganyika, na kinachotakiwa hasa ni chombo kinachopima, kionyeshe kwamba mchezo wa nne umefika angalau sehemu 9 katika 10 za ule wa kwanza. Mgonjwa kuinua kichwa kwa sekunde 5 ni dalili njema, ila haitoshi peke yake.

Tangu 2008 iko dawa nyingine huko Ulaya, sugamadeksi. Hii haimgusi mfagizi. Huikumbatia vekuroniamu au rokuroniamu yenyewe na kuiondoa kitini, hata viti vikiwa vimejaa. Bei yake ndiyo kikwazo. Tena haifai kwa suksametoniamu, ambayo huisha yenyewe kwa dakika chache. Wala hiyo msiipe neostigmini upesi upesi, maana itarefushwa badala ya kukatwa. Nayo yataka barafu, digrii 2 hadi 8, na umeme wa mji wetu mnaujua. Kila asubuhi, kabla sijavaa kofia ya chumba cha upasuaji, kwanza nafungua friji na kusoma kipimajoto.