Bangi: Polisi au Hospitali?

Wazazi huniuliza: je, sheria ya bangi si kali mno kwa kitu ambacho ni majani tu?

Madhara yake si hadithi. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Anayeanza kuvuta akiwa shuleni hupungukiwa kumbukumbu na hamu ya masomo. Na kama katika ukoo kuna ugonjwa wa akili, bangi yaweza kuuamsha: husikia sauti, humshuku hata mama yake kuwa amemtilia sumu.

Kwa hiyo muuzaji abanwe na sheria yetu ya mwaka 2015. Sina huruma naye. Mvutaji ni jambo lingine. Kijana huletwa wodini amefungwa kamba, anapayuka. Tukiuliza anatumia nini, baba hujibu, "Ni malaria tu, sista." Anaogopa polisi. Malaria tunapima kila mara, maana nayo huchanganya akili. Lakini kuficha ni hatari. Ikiwa amekunywa na gongo, sindano ya kumtuliza yaweza kuzuia pumzi yake. Woga huo wa kifungo ndio unaotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa.

Mkija, tuambieni: alianza lini, anavuta mara ngapi, anachanganya na nini, lini alilala mara ya mwisho, na nani katika ukoo amewahi kuugua akili. Kamba msiikaze, damu hukwama mikononi. Ndugu wawili wamshike, na mmoja anayempenda aendelee kusema naye polepole njiani.