Somo la Afya: Mzee Msafiri na Kipimo cha VVU

Tangu barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui iwekwe lami, safari zimekuwa rahisi. Mfanyabiashara wa ndengu hufika Nairobi na kurudi upesi. Muuza mbuzi hushuka Mombasa, na mwenye kupenda gari moshi hulipanda Kibwezi. Wengi wa wasafiri hawa ni watu wazima wenye miaka 50 na kuendelea. Hubeba dawa za presha na za sukari, hubeba kitambulisho na simu, lakini ni wachache wanaofikiria kipimo cha virusi vya ukimwi, yaani VVU, kabla ya kuondoka au baada ya kurudi.

Somo hili linawahusu wazee hao, wake kwa waume, na kwa namna ya pekee wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume wenzao, ambao mara nyingi hukosa ushauri kwa sababu ya kuogopa kuuliza. Mwishoni msomaji aweze kueleza mambo matatu: kwa nini umri si kinga, nini cha kufanya ndani ya saa 72 baada ya hatari, na ni lini kipimo hutoa jibu la kuaminika.

1. Kwa nini wazee husahaulika

Mtu aliyezaliwa mwaka 1965 alikuwa na miaka 19 mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alipotambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Alikuwa na miaka 34 serikali ilipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Kizazi hiki kimeishi na ugonjwa huu tangu ujana wake, lakini mafunzo mengi ya leo huelekezwa kwa vijana.

Hata hesabu zenyewe ziliwaacha wazee nyuma. Kwa muda mrefu takwimu kuu zilihusu watu wa miaka 15 hadi 49. Utafiti wa kitaifa wa ukimwi wa mwaka 2007 ulipanua umri hadi miaka 64, na ule wa mwaka 2018, unaojulikana kama KENPHIA, ukafuata mkondo huo. KENPHIA ilipata kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 64, asilimia 4.9 walikuwa na VVU: wanawake asilimia 6.6 na wanaume asilimia 3.1. Aliyepita miaka 64 hakuwa katika hesabu hiyo, ingawa virusi havijui tarehe ya kuzaliwa.

Sababu nyingine iko katika chumba cha daktari. Mzee akikonda, husemekana ni sukari. Akisahau mambo, husemekana ni uzee. Akitokwa na mkanda wa jeshi au akipata nimonia mara kwa mara, hupewa dawa na kurudi nyumbani. Dalili hizo zaweza kuwa za uzee kweli, lakini pia zaweza kuwa za VVU vilivyokaa mwilini miaka mingi bila kupimwa. Anayegunduliwa akiwa amechelewa huanza matibabu mwili ukiwa tayari umedhoofika.

Kuna pia dhana kwamba kondomu ni ya kupanga uzazi tu, kwa hiyo mama aliyekoma hedhi haihitaji. Ukweli ni kinyume. Baada ya kukoma hedhi, ngozi ya ndani ya uke huwa nyembamba na kavu, na huchubuka kwa urahisi. Mchubuko huo ni mlango wa virusi.

2. Wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume wenzao

Ngozi ya ndani ya njia ya haja kubwa ni nyembamba na haina unyevu wake wa kutosha wa kuizuia kuchubuka. Ndiyo maana ngono ya njia hiyo bila kinga hubeba hatari kubwa zaidi ya VVU, awe anayeingiliwa ni mwanamume au mwanamke.

Utafiti uliofanywa Mombasa na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapima wanaume 285 wa aina hii waliokuwa katika hatari kubwa. Miongoni mwa walioshiriki mapenzi na wanaume pekee, 43 kati ya kila 100 walikuwa na VVU. Miongoni mwa walioshiriki mapenzi na wanaume na wanawake pia, walikuwa 12 kati ya kila 100. Takwimu hizo hazielezi hali ya kila mwanamume wa aina hii nchini, lakini zinafunza jambo moja: wengi wa waliopimwa walikuwa pia na wapenzi wa kike. Mwanamume anaporudi kwake bila kupimwa, anayebaki gizani si yeye peke yake.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mnamo Mei 2019. Hata hivyo, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya bora, na Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa na inalinda siri ya majibu yake. Mgonjwa anayemweleza mhudumu wa afya ukweli kuhusu mwenzake wa kitandani anatafuta matibabu, na ana haki ya kuyapata.

Kwa upande wa mhudumu, njia nzuri ni kumuuliza kila mtu swali lile lile, mzee kwa kijana: "Tangu ulipopimwa mara ya mwisho, umekuwa na wapenzi wa kike, wa kiume, au wote?" Likiulizwa kwa wote, hakuna anayeona amenyooshewa kidole.

3. Kabla ya kuondoka

Kwanza ni kupimwa. Kipimo cha VVU hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, ikiwemo Hospitali ya Ikutha na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kitui. Anayeona haya kukaa benchi moja na jirani anaweza kutumia kifaa cha kujipima mwenyewe nyumbani, huduma iliyozinduliwa nchini mwaka 2017. Jibu chanya la kujipima halitoshi: lazima lithibitishwe kituoni. Anayetumia ARV asijipime kwa kifaa hicho, kwa maana kinaweza kumdanganya.

Pili ni dawa za PrEP, ambazo humezwa na mtu asiye na VVU ili asiambukizwe. Nazo zilianza kutolewa kitaifa mwaka 2017. Kwa kawaida humezwa kila siku. Tangu 2019, Shirika la Afya Duniani limeeleza pia njia ya kuzimeza wakati wa haja tu kwa wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume: vidonge viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kisha kimoja kila siku hadi siku mbili zipite baada ya tendo la mwisho. Njia hii haiwafai wanawake, na haimfai mwenye homa ya ini aina B. Ndiyo sababu kipimo cha homa hiyo hufanywa mwanzoni.

Kwa mzee kuna jambo la ziada. Vidonge vingi vya PrEP hupitia kwenye figo. Mwenye miaka 50 au zaidi, hasa mwenye presha au sukari, apimwe figo kabla ya kuanza. Amwambie pia mhudumu kama hutumia mara kwa mara dawa kali za maumivu ya mgongo na magoti, kama diklofenaki, kwa kuwa nazo huelemea figo.

Tatu ni kondomu na vilainishi vya maji. Mafuta ya kujipaka, ya kupikia au losheni hudhoofisha mpira wa kondomu na kuufanya upasuke. PrEP huzuia VVU pekee. Kondomu husaidia pia dhidi ya kaswende, kisonono na klamidia.

Nne, anayetumia dawa za kuongeza nguvu za kiume asizichanganye na dawa za moyo za jamii ya naitreti. Presha inaweza kushuka ghafla kiasi cha kuhatarisha maisha.

4. Mfano: saa 72 za mzee wa miaka 58

Tuseme mzee wa miaka 58 kutoka Mutomo amepeleka mbuzi Mombasa. Ana mke nyumbani na ana kisukari. Ijumaa saa nne usiku, katika gesti, kondomu inapasuka akiwa na mwanamume ambaye hajui hali yake. Jumamosi anapanda basi. Siku yake ya kliniki ya sukari ni Jumatano. Anaamua kungoja siku hiyo ili asiulizwe maswali nyumbani.

Hesabu inamkataa. Dawa za PEP, ambazo huzuia VVU baada ya hatari, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kutoka Ijumaa saa nne usiku, saa 72 zinaisha Jumatatu saa nne usiku. Akienda Jumatatu saa mbili asubuhi, zimepita saa 58 na bado amewahi. Akingoja Jumatano, amechelewa kabisa. Bora zaidi angeingia idara ya dharura ya hospitali mjini Mombasa usiku ule ule, kwa kuwa idara hiyo haifungwi wikendi.

Akifika, atapimwa VVU kwanza, kisha atapewa dawa za siku 28. Aseme kwamba anameza metfomini ya kisukari, kwa sababu dolutegravir, mojawapo ya dawa za PEP, huongeza kiwango cha metfomini mwilini na huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Akiwa pia anatumia dawa za kiungulia au vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma, ataelezwa namna ya kupishanisha saa za kumeza.

Na mkewe? Hadi vipimo vya mwisho vitoke, mzee atumie kondomu nyumbani au ajizuie. Hilo ni gumu kueleza. Mshauri wa kituo anaweza kumsaidia kupanga maneno, na mke naye anaweza kupimwa. Kunyamaza ndiko kunakomweka mama wa watu hatarini bila yeye kujua.

5. Baada ya kurudi

Kipimo cha siku ya pili baada ya safari hueleza hali ya kabla ya safari, si ya safari yenyewe. Mwili huhitaji muda kutengeneza kinga ambayo kipimo cha haraka huitafuta. Kwa hiyo jibu hasi la mapema lirudiwe miezi mitatu baada ya hatari. Aliyetumia PEP hupimwa tena akimaliza dawa, kisha miezi mitatu baada ya hatari. Akiona safari za namna hiyo zitaendelea, azungumzie kuhamia PrEP mara PEP inapokwisha.

VVU si kipimo cha pekee. Kaswende huanza na kidonda kisichouma ambacho hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Kisonono na klamidia vyaweza kukaa kooni au katika njia ya haja kubwa bila dalili yoyote, na kipimo cha mkojo hakivioni huko. Ndiyo maana mhudumu anahitaji kujua ni sehemu gani za mwili zilizohusika. Homa ya ini aina B ina chanjo.

6. Jibu likiwa chanya

ARV hutolewa bure katika vituo vya umma tangu mwaka 2006. Mzee anayezianza mapema na kuzimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi na kuwaona wajukuu wakikua. Zaidi ya hayo, virusi vikishuka hadi visionekane katika kipimo cha damu, havimwambukizi mwenzake kwa ngono. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume katika nchi 14, mmoja akiwa na VVU vilivyodhibitiwa na mwingine hana. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake.

Msafiri mwenye VVU abebe dawa za kutosha siku zote za safari na ziada kidogo, zikiwa katika chupa yake, ndani ya mkoba wa mkononi. Anayekwenda nje ya nchi aulize sheria za huko mapema. Nchi za Ghuba huwapima VVU wanaoomba kibali cha kazi na huwakataa wanaopatikana navyo. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria kali sana dhidi ya mapenzi ya jinsia moja.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Mzee amepimwa Jumatatu baada ya safari ya wikendi, na jibu ni hasi. Je, anaweza kusema safari hiyo haikumdhuru? Kwa nini?
2. Kondomu imepasuka Jumapili saa tatu usiku. Saa 72 zinaisha lini?
3. Ni dawa gani za wazee ambazo mhudumu anapaswa kuzijua kabla ya kutoa PrEP au PEP?
4. Kikundi kinaweza kufanya nini ili mwanakikundi mwenye miaka 60 apimwe bila kuchekwa?