Ukoo wa Karoti: Mboga, Viungo, Dawa na Sumu



Katika nchi za juu za Kivu, kama vile Lubero, Masisi na pande za Bukavu, hakuna mtoto asiyeijua karoti. Huuzwa sokoni kwa mafungu, na kando yake huwekwa seleri na persili za kutia harufu nzuri katika mchuzi. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa mimea hiyo mitatu ni ndugu. Na ni wachache zaidi wajuao ya kuwa katika ukoo huohuo mmo viungo vya pilau, mti mmoja wa porini Katanga, dawa za hospitali, na tena sumu ya kuua mtu mzima.

Somo hili litaonyesha kwanza alama za ukoo huo, kisha faida zake, kisha hatari zake. Na tangu mwanzo tushike neno moja litakalotuongoza hadi mwisho: kujua ukoo si kujua mmea.

I. Alama za ukoo

Panda punje chache za giligilani katika bustani ya shule, uziache zikue bila kuchuma majani. Muda si mrefu zitachanua, nawe utaona alama ya kwanza. Juu ya bua hutokea vijiti vingi vyembamba, vyote kutoka mahali pamoja, vikaenea kama mbavu za mwavuli. Kwenye ncha zake mna vimaua vidogo, kila kimoja chenye petali tano. Kwa Kilatini ua la namna hii huitwa umbella, neno litokalo katika umbra, maana yake uvuli. Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo, maana mwavuli na uvuli ni maneno ya ukoo mmoja.

Alama ya pili ni bua: mara nyingi ni tupu ndani kama tete. Ya tatu ni majani: mara nyingi yamekatika vipande vidogo vidogo, na shina la jani hulizunguka bua kama ala inavyoshika kisu. Ya nne ni tunda lake. Likikauka hupasuka likawa sehemu mbili, na kila sehemu ina mbegu moja. Katika ganda lake mna mifereji myembamba iliyojaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yatoayo harufu tunayoisikia tunapotwanga viungo.

Wataalamu wamehesabu katika ukoo huu aina zaidi ya 3,500. Nyingi sana huota katika nchi zenye baridi au joto la kadiri, katika Ulaya, Asia na kando ya bahari ya Mediterania. Kwa sababu hiyo kwetu hustawi zaidi milimani kuliko katika mabonde yenye joto kali.

II. Karoti na macho ya mtoto

Karoti ililimwa kwanza katika pande za Irani na Afuganistani, yapata miaka 1,000 iliyopita. Ilikuwa ya zambarau au ya manjano. Ile ya rangi ya chungwa ilienea kutoka Uholanzi katika karne ya 17. Mwaka 1831 Mjerumani Heinrich Wackenroder alitoa katika mizizi yake kitu chenye rangi, akakiita karotini kwa jina la karoti yenyewe.

Faida ya kitu hicho ni nini? Mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A. Mtoto akikosa vitamini hiyo, ishara ya kwanza ni kwamba haoni vema jioni. Wenzake wanacheza bado, naye anajikwaa na kupapasa ukuta. Wazazi wengine humwita mvivu au mwoga, kumbe macho yake yanaomba chakula. Asiposaidiwa, jicho hukauka, mboni huharibika, na upofu huo haurudi nyuma tena. Tena mtoto wa namna hiyo akishikwa na surua, yu katika hatari kubwa ya kufa.

Basi karoti ni rafiki wa macho, lakini yahitaji mwenzake. Karotini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Mama apikaye karoti na kuziponda, akatia kijiko cha mawese, amemfaidia mtoto kuliko yule ampaye karoti tupu. Nayo mawese mekundu yana karotini nyingi ndani yake. Lakini yakichomwa motoni hata yakawa meupe, yamepoteza rangi na pamoja nayo yamepoteza faida hiyo. Hata hivyo mama asiseme, «Nina karoti, sihitaji zahanati.» Vitamini A itolewayo kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 isikataliwe. Na mtoto asiyeona jioni apelekwe kwa mganga wa zahanati upesi, bila kungoja mavuno.

Kwa wenye bustani, haya ndiyo ya kushika. Mbegu ya karoti hupandwa palepale itakapokaa, haihamishwi kama kabichi, kwa maana mzizi ukivunjika hupotoka. Udongo ulimwe chini sana na mawe yaondolewe. Samadi mbichi isitiwe, kwa kuwa mzizi hugawanyika kama vidole. Mbegu huchelewa kuota, pengine majuma mawili au zaidi, na udongo usikauke siku hizo. Miche ikisongamana, ing'olewe mingine hata ibaki nafasi ya sentimeta 5 hivi kati ya mche na mche. Baada ya miezi mitatu au kupita kidogo, mavuno yamefika.

Wakulima huuliza kwa nini wanunue mbegu kila mara. Sababu ni hii: mwaka wa kwanza karoti huweka akiba katika mzizi, na mwaka wa pili huitumia kutoa maua na mbegu. Karoti zenye asili ya Ulaya hazichanui vema zisipopata kwanza majuma kadhaa ya baridi. Mahali penye joto mzizi huvunwa, lakini mbegu haipatikani kwa urahisi.

III. Viungo, na neno la Maandiko

Jikoni ukoo huu hujulikana zaidi kwa punje zake. Mna giligilani, ambayo majani yake mabichi huitwa kotimiri. Mna jira, yaani bizari nyembamba, ambayo pasipo hiyo mpishi wa pwani hakubali kuuita wali wake pilau. Mna shamari, na mna kisibiti. Hata mvuje ni wa ukoo huu: ni utomvu wa mizizi ya mimea mirefu ya Irani na Afuganistani. Hukatwa, maji mazito hutoka, hukauka, ndipo huuzwa. Harufu yake mbichi ni mbaya, lakini kidogo tu katika mafuta ya moto hugeuka ikawa tamu kama ya kitunguu.

Wasomaji wa Maandiko Matakatifu wamekwisha kukutana na ndugu hawa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, chafananisha mana na punje ya giligilani. Mwalimu akiwa na punje hizo mkononi, watoto watafahamu mara moja udogo na umbo la mana. Nabii Isaya, sura ya 28, aeleza ya kuwa jira haipurwi kwa gurudumu la gari, bali hupigwa kwa fimbo. Mkulima hakuona ajabu, maana punje ndogo namna ile husagika chini ya uzito. Na katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana Yesu awakemea waliotoa zaka za mnanaa, aneti na jira, huku wakiacha haki na huruma. Aneti na jira ni za ukoo wetu, mnanaa ni wa ukoo mwingine. Atakayewaonyesha watoto jinsi punje hizo zilivyo ndogo, hana haja ya kueleza mengi juu ya ukali wa neno lile.

IV. Ndugu walio porini kwetu

Tusidhani ya kuwa ukoo huu wote ni mgeni. Katika misitu mikavu ya Katanga na nchi jirani mna mti ambao wataalamu huuita Steganotaenia araliacea. Ni mti kamili wenye shina na matawi, na gome lake hubambuka kama karatasi. Wakati wa kiangazi hudondosha majani yote, ukachanua ungali uchi, nayo maua yake ni miavuli midogo. Ukisugua jani lake mkononi utasikia harufu ya karoti. Nani angedhani ya kuwa karoti ina ndugu wa kukwea?

Ndugu wa pili hutambaa. Katika nyasi zenye unyevu, kando ya vijito, mna jani la mviringo mfano wa sikio: ni Centella asiatica. Maua yake ni madogo mno, yamejificha chini ya majani, na mwavuli wake hauonekani upesi. Huko Sri Lanka majani yake huliwa kama mboga. Katika Madagaska huchumwa na kukaushwa, na kitu kitolewacho ndani yake hutiwa katika dawa za kupaka vidonda.

Tazameni basi: mmoja ni mti, mwingine hutambaa, wala hakuna unaofanana na karoti ya bustani. Ikiwa ndugu waweza kutofautiana hivyo, wageni nao waweza kufanana. Hapo ndipo hatari ilipo.

V. Ndugu wauao

Katika Ulaya huota mmea uitwao Conium maculatum, nao umekwisha kuenezwa katika mabara mengine. Majani yake hufanana na ya persili na karoti, maua yake ni mwavuli mweupe mzuri. Lakini bua lake halina manyoya, lina madoa ya zambarau, na harufu yake ni mbaya kama ya panya. Mwaka 399 kabla ya Kristo, watu wa Athene walimhukumu Socrates afe kwa kunywa sumu, na wataalamu wengi huamini ya kuwa ilitoka katika mmea huu. Alitembea hata miguu ikawa mizito, akalala chali, ganzi ikapanda toka chini kwenda juu, naye akiwa na akili zake. Sumu hiyo hulegeza misuli, na misuli ya kuvuta pumzi ikilegea, mtu hufa.

Mwingine ni Cicuta, uotao penye maji. Katika Amerika ya Kaskazini watu wamekufa kwa kuchimba mizizi yake wakidhani ni karoti ya mwitu. Hawakuwa wajinga kabisa: waliijua alama ya ukoo, wakasahau kuuliza jina la mmea.

Wa tatu ni Heracleum mantegazzianum, mmea mrefu kuliko mtu, uliotolewa milima ya Kaukazi katika karne ya 19 upambe bustani za Ulaya. Maji yake yakigusa ngozi, kisha jua likaipiga, ngozi huungua na kutoka malengelenge. Watoto waliofanya filimbi kwa bua lake wameungua midomo.

Na bado, kitu kichomacho chaweza kutibu mikononi mwa mwenye elimu. Katika Misri huota Ammi majus, wenye maji ya namna hiyohiyo. Tangu zamani watu wa Misri waliutumia kwa mabaka meupe ya ngozi, mgonjwa akaota jua. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Misri waliuchunguza, wakatoa ndani yake dawa ya kupimwa kwa uangalifu. Ndugu yake, Ammi visnaga, ulitumiwa kwa maumivu ya figo. Mwaka 1961, kwa kuanzia na kitu kilichotolewa katika mmea huo, wataalamu wa Ubelgiji walitengeneza amiodaroni, dawa itulizayo mapigo ya moyo yaliyovurugika. Hospitali huitumia hata leo. Lakini tuangalie: si jani lililochemshwa kwa kukisia, bali ni dawa yenye kipimo, na daktari humwangalia mgonjwa.

VI. Kanuni za kufundisha shuleni

Kwanza: mmea wa porini usiliwe kwa sababu tu wanuka karoti au wafanana na persili. Mtoto apelekapo mzizi mdomoni, aulizwe, «Jina lake nani? Nani aujua?» Asipojua, autupe na anawe mikono.

Pili: mtu auzaye dawa asiaminiwe kwa kusema, «Huu ni ndugu wa ule.» Undugu si ushahidi. Yule aliyemuua Socrates ni ndugu wa mboga ya mtoto.

Tatu: mtu akila mmea asioujua, kisha akatetemeka, akalegea au akahema kwa shida, asingojwe hata asubuhi. Apelekwe hospitali upesi, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye, ili mganga aone kwa macho.

Nne: yale yajulikanayo yalimwe kwa bidii. Karoti, seleri, persili na giligilani zastahili mahali katika bustani ya kila shule iliyo katika nchi ya baridi, na mawese mekundu yastahili mahali katika sufuria ya kila mama.

Maswali ya kurudia

1. Zitaje alama nne za ukoo wa karoti.
2. Kwa nini karoti za mtoto zitiwe mawese? Kwa nini mawese yasichomwe hata yawe meupe?
3. Mtoto haoni vema jioni. Wazazi wafanye nini?
4. Ni mimea ipi miwili ya ukoo huu iliyotajwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 23? Ni upi usio wa ukoo huu?
5. Eleza kwa mifano miwili maana ya neno hili: kujua ukoo si kujua mmea.